Mlima, joto na uzani vyakata makali ya helikopta za vita

AGOSTI 12, 2012, helikopta nne za jeshi la Uganda ziliondoka Entebbe kuelekea Somalia kupitia anga ya Kenya. Moja, Mi-17 ya uchukuzi, ilitua salama mjini Garissa. Tatu zilizosalia, zote za mashambulizi aina ya Mi-24, hazikufika. Ziliangukia Mlima Kenya.

Wanajeshi waliokuwa katika helikopta moja waliokolewa. Mabaki ya nyingine mbili yalipatikana baadaye mlimani, na miongoni mwa waliokuwemo kulikuwa na waliopoteza maisha.

Pigo hilo lilizidi hasara ya Uganda pekee. Februari mwaka huohuo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio nambari 2036, lililoruhusu kikosi cha AMISOM kuwa na helikopta zisizozidi tisa za kazi za kawaida na tatu za mashambulizi. Kwa hivyo, idadi yote ya helikopta za mashambulizi iliyoruhusiwa kwa vita vya Somalia ilitoweka kwa siku moja, kabla ya kufyatua hata risasi.

Hali mbaya ya hewa ndiyo iliyotajwa kwanza, na Rais Yoweri Museveni akaunda tume ya uchunguzi. Lakini mkasa huo uliibua suala ambalo wanaonunua helikopta hizi hawalizungumzii sana hadharani: je, zinaweza kubeba nini, kufika wapi, na kwa urefu gani?

Sifa za Mi-24 zinavutia. Huenda kasi ya takriban kilomita 335 kwa saa, hupanda hadi mita 4,500 hivi, hubeba silaha za uzani unaokaribia kilo 2,400 na wanajeshi wanane tumboni. Kila tarakimu kati ya hizi ni ya kweli. Kisicho cha kweli ni kudhani kwamba zote hupatikana katika safari moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Helikopta hiyo ikiwa tupu ina takriban kilo 8,500, na haipaswi kuzidi kilo 12,000 hivi inapopaa. Zinabaki kilo 3,500. Ukiweka silaha zote za kilo 2,400, kisha ukajaza matangi yake ya ndani kwa mafuta ya takriban kilo 1,700, tayari umepita kiwango, na rubani hajapanda bado! Ndiyo maana kila safari ni mapatano: ukiongeza roketi utapunguza mafuta, na ukiongeza mafuta utaacha makombora nyumbani.

Masafa nayo yana masharti yake. Kwa mafuta ya ndani, Mi-24 huenda takriban kilomita 450. Kutoka Entebbe hadi Garissa ni karibu kilomita 800 ukinyoosha mstari kwenye ramani. Safari ya aina hiyo hulazimu kutua njiani ili kujaza mafuta, au kufunga matangi ya ziada chini ya mabawa mafupi yale yale yanayopaswa kubeba silaha.

Kisha kuna hewa. Mapanga ya helikopta huiinua kwa kusukuma hewa chini, na injini zake huhitaji hewa hiyohiyo ili kuchoma mafuta. Hewa inapokuwa nyepesi, vyote viwili hudhoofika kwa pamoja. Katika mwinuko wa jiji la Nairobi, alasiri yenye joto la nyuzi 25, uzito wa hewa huwa karibu asilimia 80 tu ya ule wa usawa wa bahari. Kwenye mita 4,500 ni takriban asilimia 63. Kilele cha Mlima Kenya, chenye mita 5,199, kiko juu ya uwezo wa Mi-24 hata ikiwa katika hali njema kabisa. Rubani anayekutana na mlima huo ndani ya wingu hawezi kuuruka. Njia yake ni kuuzunguka, mradi auone.

Wasovieti walijifunza somo hilo kwa uchungu nchini Afghanistan kati ya 1979 na 1989. Katika joto na milima ya huko, Mi-24 iliyojazwa ilishindwa kuinuka wima. Marubani walilazimika kuikimbiza barabarani kwa magurudumu kama ndege ya kawaida hadi mabawa yake mafupi yaanze kuisaidia. Wanajeshi wanane waliopaswa kupanda waliachwa mara nyingi, na silaha zikapunguzwa. Mabawa hayo pia ni rafiki wa mashaka: husaidia helikopta inapokwenda kasi, lakini inapoelea mahali pamoja huziba upepo unaosukumwa chini na mapanga.

Marekani nayo haikunusurika. Apache inaweza kubeba makombora 16 ya Hellfire, kila moja likiwa na uwezo wa kupiga kifaru kilicho umbali wa takriban kilomita nane. Hata hivyo, Machi 24, 2003, zaidi ya Apache 30 zilipovamia kikosi cha Iraq karibu na Karbala, takriban zote zilirudi zikiwa na matundu ya risasi. Moja ilitua kwa adui na marubani wake wawili wakatekwa. Silaha ya kupiga kutoka mbali haikufaa kitu juu ya makazi ya watu, ambako adui alikuwa na bunduki za kawaida darini na vichochoroni. Mtaka yote hukosa yote: aliyebeba makombora mazito alikuwa mzito pia wa kukwepa.

Nchini Ukraine, tangu 2022, marubani wa pande zote mbili wameonekana wakiinua pua ya helikopta na kurusha roketi kutoka mbali, kisha kugeuka haraka. Roketi za namna hiyo hutawanyika, na shabaha yake ni duni. Ni bei ambayo wameamua kulipa ili wasikaribie makombora ya kutungulia ndege.

Kenya imefuata njia tofauti na ya Uganda. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 imetegemea helikopta ndogo za MD 500, na mwaka 2020 ikapokea sita za MD 530F. Hizi zina injini yenye nguvu zaidi na mapanga marefu zaidi, mabadiliko yaliyofanywa makusudi kwa ajili ya nchi za joto na miinuko. Silaha zake ni bunduki kubwa za milimita 12.7 na roketi chache.

Wapo watakaosema huo ni udhaifu, na kwa vita vya vifaru hawajakosea. Helikopta ya uzani wa tani moja unusu haina chuma cha kuikinga, na risasi moja ya bunduki ya kawaida yaweza kuiangusha. Lakini Al-Shabaab hawana vifaru. Silaha yao kuu dhidi ya magari ya usalama katika kaunti za Mandera, Garissa na Lamu ni bomu lililofukiwa barabarani. Msafara wa malori unaopita Boni huhitaji jicho juu yake kwa muda wote wa safari, na helikopta ndogo hukaa angani saa mbili hivi kabla ya kurudi kutafuta mafuta. Kila roketi inayofungwa ubavuni hula sehemu ya muda huo, na afisa anayepanga ulinzi wa msafara huo ndiye anayeamua, asubuhi kabla ya jua kupanda, ni ngapi zitabaki kambini.