Mfupa Hausemi Tarehe ya Kuzaliwa

Katika lugha ya viwanjani, mchezaji aliyepunguza umri ili acheze na wadogo zake huitwa kijeba. Neno hilo hutamkwa kwa kicheko, ingawa jambo lenyewe halichekeshi. Kila kijeba anayeingia uwanjani amekalia nafasi ya mtoto mwingine, na mara nyingi mtoto huyo hajui hata sababu ya kuachwa. Siku hizi wapo wanaoamini kwamba madaktari tunacho kifaa cha kuukomesha udanganyifu huu, nacho ni picha ya mifupa. Kwa kuwa kusoma picha hizo ndiyo kazi yangu, ninaona ni wajibu kueleza zinaweza kusema nini, zinashindwa wapi, na kwa nini haki ya watoto wetu michezoni huanzia katika wodi ya wazazi.

Mfupa mkubwa wa kigasha, ule ulio upande wa kidole gumba, hurefuka kupitia tabaka la gegedu lililo karibu na kifundo cha mkono. Kadiri kijana anavyokomaa, tabaka hilo hugeuka mfupa kidogo kidogo, hadi likafunga kabisa. Mwaka 2007, Profesa Jiri Dvorak wa FIFA na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kwa MRI vijana 496 wa kiume, wenye miaka 14 hadi 19, kutoka Uswisi, Malaysia, Aljeria na Argentina. Waliugawa ukomavu huo katika hatua sita. Miongoni mwa wenye miaka 16, ambao mfupa wao ulikuwa umefunga kabisa hawakufika hata mmoja kwa mia. Kwa kuwa MRI hutumia sumaku, wala si mionzi, FIFA ilianza kukitumia kipimo hicho katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009.

Kipimo hicho kimeonyesha makali yake. Mapema mwaka 2023, wachezaji 21 kati ya 30 wa timu ya vijana ya Kameruni waliondolewa baada ya kupimwa. Sisi wenyewe tumewahi kufaidika nacho: Serengeti Boys walikwenda kwenye fainali za Afrika za mwaka 2017 nchini Gabon baada ya Kongo Brazzaville kushindwa kumpeleka mchezaji wao aliyetakiwa kupimwa.

Hata hivyo, ni lazima tuelewe mantiki ya kipimo hiki. Mfupa uliofunga kabisa unatoa sababu nzito ya kumkataa anayedai kuwa na miaka 16. Mfupa ambao haujafunga hauthibitishi lolote, kwa sababu vijana wengi wa miaka 18, na hata 19, bado hawajafikia hatua ya mwisho. Kijeba wa namna hiyo atapita mbele ya mashine akitabasamu. Isitoshe, utafiti nilioutaja ulihusu wavulana. Wasichana hukomaa mapema zaidi, hivyo kuwapima kwa kigezo hicho hicho ni kuwaonea.

Eksirei ya mkono, ambayo baadhi ya walimu wa michezo huiomba kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ina dosari zaidi. Atlasi inayotumiwa sana kuisoma ilitokana na watoto wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha hasa katika miaka ya 1930, wengi wao wakitoka katika familia zenye nafasi. Mtoto wetu aliyeugua mara kwa mara, au aliyekosa lishe bora, mifupa yake huweza kuchelewa kukomaa. Watoto wenye afya njema nao huweza kutofautiana kwa mwaka mmoja au miwili, ingawa walizaliwa siku moja. Tena, kumpiga mionzi mtoto asiye mgonjwa kwa ajili ya kombe ni jambo ambalo maadili yetu hayaliruhusu.

Mfano ulio wazi ulitokea hapa Dar es Salaam. Mwaka 2019, Guinea ilifika fainali ya Kombe la Afrika la vijana chini ya miaka 17, kisha ikaondolewa kwa sababu ya wachezaji wawili, na Senegal ikaenda Kombe la Dunia badala yake. Kilichowaumbua si mfupa. Tarehe zao za kuzaliwa hazikulingana na zile walizoandikishwa katika mashindano ya awali nchini Japani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hufupika pale tu panapokuwa na kumbukumbu iliyoandikwa.

Madhara ya umri wa uongo hayaishii uwanjani. Mtoto wa miaka 14 anapogongana na kijana wa miaka 19, tabaka lake la gegedu ndilo sehemu dhaifu, na likiumia vibaya mfupa waweza kukua ukiwa umepinda au mfupi. Aliyepunguza umri naye huja kliniki na cheti kinachotupotosha. Mvulana aliyetimiza miaka 14 bila dalili zozote za kubalehe anahitaji uchunguzi. Ikiwa cheti kinasema bado hajafika umri huo, ilhali ameshaupita, daktari anaweza kumwambia asubiri, na ugonjwa ukaendelea kujificha.

Wapo watakaosema kuwa kudai vyeti ni kuwafungia nje watoto wa vijijini. Hoja hiyo ina uzito, na mtoto asiye na cheti hapaswi kuitwa mdanganyifu. Lakini sheria inaruhusu usajili wa kuchelewa, na kadi ya kliniki na kumbukumbu za shule huweza kusaidia. Mashine za MRI ziko katika hospitali chache kubwa, ilhali RITA imeusogeza usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo.

Kwa hiyo, wahudumu wenzangu, tuandike tangazo la kizazi kwa usahihi kabla mama hajatoka wodini, na tukatae kuandika barua ya umri kwa kumtazama mtoto kimo na ndevu. Wazazi, itunzeni kadi ya kliniki, na msikubali kocha yeyote awabadilishie mtoto mwaka wa kuzaliwa. Waandaaji wa UMISSETA na UMITASHUMTA waweke daftari moja la wachezaji, litakalowafuata tangu shule ya msingi. Tarehe iliyoandikwa mtoto akiwa mchanga, wakati hakuna anayejua kama atakuwa mchezaji, haina sababu ya kudanganya.