Mtafiti Aje Garissa
Nafasi za utafiti baada ya uzamivu katika uhandisi na picha za kitabibu hutangazwa Boston na London; Ifo, kambi ya wakimbizi ya Garissa, Kenya, iliyofunguliwa 1991, haimo. Atasema mtu: tuanze na wauguzi. Ana hoja, lakini mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kukodishia hospitali za kaunti mashine, eksirei zikiwamo, na mashine isiyo na fundi hugeuka pambo. Na inawezekana: Mbarara, Uganda, mwaka 2022, wataalamu wa huko na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunda hukohuko skana ya MRI ya sumaku dhaifu, isiyohitaji heliamu ya kupoza. Mashine inavyohimili joto na vumbi la Garissa hupimwa Garissa. Chuo Kikuu cha Garissa kitoe nafasi moja, hata moja tu.