Lualaba: Polisi akipewa bastola, apewe na ala inayofaa

Katika jimbo la Lualaba, mtu mwenye silaha amekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Polisi wa madini wanalinda machimbo ya shaba na kobalti kuzunguka Kolwezi, na ukishika njia ya Mutshatsha, kando ya reli inayoelekea Dilolo, ni hivyo hivyo. Mara nyingi watu wanauliza nani ana haki ya kubeba silaha. Ni swali la maana. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985 inadai kibali kwa raia, na walinzi wa makampuni binafsi hawaruhusiwi kubeba bunduki, ndiyo maana makampuni ya madini yanaomba polisi. Lakini swali la pili halisikiki: bastola ya yule aliyeruhusiwa inakaa wapi wakati haitumiki?

Inapaswa kukaa ndani ya ala, ile ambayo wengine wanaiita etui, iliyofungwa imara kiunoni. Bastola iliyochomekwa kwenye suruali haina kitu kinachofunika kifyatulio. Nguo au kidole kikikigusa, risasi inaweza kutoka. Mwezi wa 11 mwaka 2008, Plaxico Burress, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, aliingia kilabu cha usiku New York na bastola kiunoni bila ala. Ilianza kuteleza, ikafyatuka na kumjeruhi paja. Tena alihukumiwa miaka 2 jela, kwa kuwa hakuwa na kibali cha kubeba silaha mjini humo. Huyo alikuwa na pesa za kununua ala yoyote. Polisi wa Mutshatsha anayepanda pikipiki kwenye barabara ya mashimo yuko katika hatari zaidi.

Ala nzuri inafanya kazi tatu. Inafunika kifyatulio chote. Inaishika bastola isianguke hata mtu akikimbia au akiruka mtaro. Tena inabaki wazi bastola ikitolewa, ili polisi airudishe kwa mkono mmoja bila kuhangaika. Ala ya kitambaa laini inajikunja, na mkunjo wake unaweza kuvuta kifyatulio wakati wa kurudisha silaha. Ala ya ngozi nzito au plastiki ngumu, iliyotengenezwa kwa bastola ya aina ile ile, ndiyo inayofaa, pamoja na mkanda mgumu usiolegea.

Baada ya hapo, kazi na mahali ndivyo vinachagua. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za Lualaba linaingia kila pahali, na masika yanaleta matope. Ala yenye kifuniko inafaa kwa safari ndefu. Lakini anayesimama katikati ya watu wengi, sokoni au mlangoni mwa machimbo, anahitaji zaidi ala yenye kifungo ambacho mtu mwingine hawezi kukifungua kwa haraka. Huko Marekani, kumbukumbu za FBI zinaonyesha polisi waliouawa kwa bastola zao wenyewe, walizonyang'anywa kwenye vurugu. Ala ya kuning'inia pajani inapendeza kwenye filamu, lakini inaiweka silaha karibu na mikono ya watu.

Kuna faida nyingine, nayo inawahusu raia. Polisi asiyeiamini ala yake anashika bastola mkononi, na silaha iliyo mkononi mbele ya umati iko karibu sana na kufyatuliwa. Lualaba inajua hofu ya risasi. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 2025, daraja lilianguka kwenye machimbo ya Kalando na wachimbaji wasiopungua 32 wakafa. Ripoti ya SAEMAPE ilisema milio ya risasi za wanajeshi ndiyo iliyowatia watu hofu wakakimbilia darajani. Ala haimzuii aliyekwisha kuamua kupiga risasi. Inampa mwenye akili timamu nafasi ya kuongea na watu mikono yake ikiwa mitupu.

Wengine watasema polisi wanahitaji kwanza mshahara na nyumba. Ni kweli, na ndiyo sababu ala isiachwe kwa mfuko wa polisi mwenyewe, atakayenunua ya bei ndogo sokoni au kukaa bila. Bei yake ni ndogo kuliko ya bastola. Serikali inayotoa bastola itoe na ala, na kampuni inayoomba polisi wa kuilinda iulize wamebeba silaha namna gani.

Siku komanda anapohesabu bastola na risasi, aangalie pia ala. Risasi zitolewe zote na kuwekwa mbali, bastola ihakikishwe mara mbili kuwa tupu, halafu polisi aruke, akimbie, ainame na kupanda pikipiki. Ikidondoka, asipelekwe mbele ya watu na silaha hiyo mpaka apate ala nyingine.