Mwanao na Nyimbo Zake

Kuna malalamiko ambayo sisi wauguzi tunayasikia karibu kila wiki, kliniki na hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Mwanangu ameziba masikio na vile vidude vya simu kutwa nzima. Nikimwita haitiki. Nikimwuliza ana nini, anasema hana kitu." Na karibu kila mama akishaeleza hayo huuliza swali lile lile: je, nimnyang'anye? Mwezi huu tumeona heri tulijibu, nasi tutaanza na kosa letu wenyewe. Wahusika wametupa ruhusa kulisimulia.

Katika jumuiya yetu alifariki baba mmoja, akaacha mjane na watoto watatu. Mkubwa ni binti, wakati ule alikuwa kidato cha tatu. Marehemu alikuwa mwimbaji wa besi kwayani. Wiki chache baada ya mazishi, sisi akina mama tulikwenda kuwasalimu. Mama mtu akatueleza kwamba binti yake hapati usingizi, analala na simu sikioni, lakini hapo hapo akatuondoa wasiwasi: "Hasikilizi mambo ya dunia. Ni wimbo wa kwaya tu, ule walioimba siku ya kumzika baba yake."

Nasi tukafurahi! Tukamwambia ashukuru, maana ni vijana wangapi siku hizi wanaopenda nyimbo za kanisani? Tukanywa chai, tukaomba, tukaondoka. Katika kundi lile alikuwamo muuguzi mwenye diploma, na hakuuliza swali hata moja zaidi.

Miezi mitatu baadaye binti aliletwa hospitali. Amekonda, hali chakula, shuleni ameshuka kabisa. Tulipobaki naye faragha akasema, "Mama, ule wimbo nikiuweka naliona jeneza. Ukiisha naurudia. Kuna siku nimeurudia mpaka majogoo yakawika." Tukamwuliza waziwazi, kama tulivyofundishwa, iwapo amewahi kufikiria kujiua. Alikaa kimya kitambo, kisha akaitikia kwa kichwa. (Akina mama wengi huogopa swali hilo wakidhani litampa mtoto wazo. La hasha. Mara nyingi anayeulizwa kwa upole hupata nafuu kwa kuwa sasa kuna mtu anayejua.)

Hatusemi kwamba wimbo ndio uliomwuguza. Alipatwa na msiba, na msiba ukazaa sonona. Lakini wimbo ule ulikuwa njia yake ya kulifukua kaburi kila usiku, na kwa sababu ulikuwa wa kanisani hakuna aliyeuliza. Ungekuwa wa Bongo Fleva tungekwisha kuhangaika siku nyingi.

Tangu hapo tumejifunza kuuliza vingine. Wataalamu wa Finland na Australia, akiwamo Suvi Saarikallio wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, walitoa mwaka 2015 orodha ya maswali 13 ya kupima jinsi kijana anavyotumia muziki. Orodha hiyo haiulizi kama nyimbo ni za dini au za dansi, za taratibu au za kelele. Inauliza muziki unamfanyia nini: je, unampumzisha, unampa nguvu, unamwunganisha na wenzake? Au anajificha ndani yake, na akitoka yuko vibaya kuliko alivyoingia?

Basi mama, usianze na swali la "unasikiliza nini." Mtazame mwanao nusu saa baada ya kuzima. Yupo kijana jirani yetu anayefua nguo zake huku singeli inamwenda mbio sikioni. Sisi kwa umri wetu mdundo ule unatuumiza kichwa, lakini yeye akimaliza kufua anacheka na wadogo zake, anakula, analala. Huyo mwache. Na wimbo wa huzuni pia si adui. Mtu aliyefiwa anahitaji kulia, na kijana wa kiume hasa, ambaye kila mtu anamwambia ajikaze, huenda hana pengine pa kulilia. Tofauti ni hii: mmoja analia, anafuta machozi, anainuka, mwingine anazunguka pale pale kama ng'ombe wa kukamua mafuta.

Kunyang'anya simu kwa hasira hakusaidii. Umeondoa fimbo aliyokuwa akiiegemea, nzuri au mbovu, na hukumpa nyingine. Mwombe akusikilizishe. Keti, usikosoe, hata kama maneno hayakupendezi. Hayo yana siku yake. Mwulize, "Huu unakukumbusha nini?" Akina mama kadhaa wametuambia kwamba kwa swali hilo moja walisikia mambo ambayo mwaka mzima hawakuyapata.

Kisha msaidieni kupanga nyimbo zake. Daktari mmoja wa Marekani, Ira Altshuler, alieleza katika miaka ya 1940 jambo ambalo wanaotibu kwa muziki wanalitumia hadi leo: usimpe mwenye huzuni wimbo wa shangwe ghafla. Anza na unaofanana na hali aliyo nayo, kisha uufuatishe na uliochangamka kidogo, halafu mwingine, hatua kwa hatua. Nani kati yetu amewahi kuchangamka kwa kuambiwa "changamka"? Wakati wa kulala iwe kinyume: nyimbo za taratibu, sauti ya chini, zizimike zenyewe baada ya muda, na simu isibaki kitandani.

Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Kama wewe uliyesimama karibu naye unausikia wimbo wake, amezidisha.

Muziki, hata hivyo, una mpaka. Mnamkumbuka Sauli. Daudi alipompigia kinubi alipata nafuu, lakini siku nyingine alimrushia mkuki Daudi yule yule, kinubi kikiwa mkononi. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili, na wengi hawatambuliwi. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi mwanao hali vizuri, halali, ameacha marafiki na michezo aliyoipenda, mpeleke kituo cha afya. Akisema anatamani kufa, au anagawa vitu vyake kama anayeaga, usingoje wiki mbili. Mpeleke siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na dawa na sumu za shambani zifungiwe. Hapa Tanzania simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Maombi yaendelee, lakini yaende pamoja naye hospitali, yasibaki nyumbani kumngoja.

Binti yetu alipelekwa kliniki ya afya ya akili, na bado anakutana na mshauri wake kila mwezi. Kuna miezi mizuri na kuna mibaya. Jioni baada ya chakula yeye na mama yake husikiliza nyimbo walizozipanga wenyewe. Wa kwanza ni ule wa mazishi, mara moja tu. Unafuata mmoja ambao baba alipenda kuupiga mluzi akitengeneza baiskeli, halafu mingine miwili mitatu. Wa mwisho huchaguliwa na mdogo wake wa miaka tisa, naye kila siku huchagua singeli. Mama yake anasema hapo ndipo yeye hukimbilia kuosha vyombo.