Nani Amemwandaa Muuguzi wa Zamu ya Usiku?

Kila maafa yanapoikumba nchi yetu, hotuba za viongozi hufuata mpangilio mmoja. Kwanza huja salamu za rambirambi, kisha ahadi kwamba Serikali itagharimia matibabu na mazishi, kisha pongezi kwa madaktari na wauguzi kwa kazi kubwa wanayoifanya usiku na mchana. Sina ugomvi na rambirambi wala na pongezi. Ugomvi wangu ni kwamba pongezi hizo zimegeuka kuwa mbadala wa maandalizi. Tunamsifu muuguzi kwa ujasiri, tukakwepa kuulizwa ni lini tulimfundisha kazi tuliyomtwika siku ile.

Mimi si tabibu. Taaluma yangu ni utawala wa umma, na nimeliingia jambo hili kwa mlango wa sera. Hata hivyo, katika darasa langu la jioni la shahada ya uzamili sikosi wauguzi wawili watatu kila mwaka, na mengi ninayoyaandika leo yamechochewa na maswali yao.

Tuanze na Morogoro. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka katika eneo la Msamvu. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Makumi walifariki siku ile ile, na idadi ikaendelea kupanda hadi ikavuka 100, kwa kuwa majeruhi waliendelea kufariki hospitalini kwa siku nyingi baadaye. Mjadala wa taifa ulijikita katika swali la umaskini na tamaa: kwa nini watu wachote mafuta kwenye lori lililopinduka? Ni swali halali, lakini lilifunika jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi kisera. Majeruhi wengi wa moto wanapofika kwa mkupuo katika hospitali ya mkoa, ni nini hasa kinapaswa kutendeka katika saa za mwanzo, na ni nani wa kukitenda?

Naomba mchukue kalamu. Kanuni inayofundishwa kwa majeruhi wa moto ni mililita 4 za maji ya mshipani kwa kila kilo ya uzito, kwa kila asilimia ya mwili iliyoungua, katika saa 24. Nusu ya maji hayo yaingie ndani ya saa 8 za kwanza, na saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofikishwa hospitali. Mtu wa kilo 70 aliyeungua nusu ya mwili anahitaji lita 14, na lita 7 kati ya hizo katika saa 8. Wakifika watu 40 wa namna hiyo, tunazungumzia lita 280, yaani chupa 560 za nusu lita, kabla jua halijazama. Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa Morogoro. Nataka tuuone ukubwa wa kazi yenyewe. Kila mmoja wa hao 40 anahitaji mtu wa kuutafuta mshipa kwenye mkono ulioungua, kumwekea mpira wa mkojo, na kuupima mkojo huo kila saa ili ijulikane kama maji yanatosha au yamezidi. Anahitaji pia mtu wa kuisikiliza sauti yake. Majeruhi mwenye masizi puani na sauti iliyoanza kukwaruza anaweza kuwa anazungumza nawe vizuri saa nne, na kufikia saa saba koo limevimba na njia ya hewa imeziba. Mtu huyo wa kutafuta, kupima na kusikiliza, kwa sehemu kubwa, ni muuguzi.

Nairobi ilikuwa na somo lake tofauti. Tarehe 7 Agosti 1998, katika shambulio la ubalozi wa Marekani, watu wengi walikimbilia madirishani waliposikia mshindo wa kwanza. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo vikawapasukia usoni. Waliojeruhiwa walizidi 4,000, na majeraha ya macho yakawa mengi kupita kawaida. Kila maafa, basi, huja na majeraha yake, na muuguzi aliyezoea ajali za pikipiki haandaliki kwa mengine yote kwa sababu tu amekaa miaka 10 kazini.

Nije kwenye jambo zito kuliko chupa za maji. Siku za kawaida, maadili ya uuguzi yanaelekeza kwamba aliye mahututi zaidi ndiye ahudumiwe kwanza. Siku ya maafa kanuni hiyo inapinduka. Katika kazi ambayo wauguzi huiita triaji, majeruhi hugawanywa kwa rangi: nyekundu kwa anayeweza kuokolewa akihudumiwa sasa hivi, njano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa anayetembea, na nyeusi kwa aliyefariki au ambaye hali yake imevuka uwezo uliopo. Huyo wa mwisho anaweza kuwa bado anapumua, na anaweza kuwa mtoto. Mama yake amesimama hapo hapo, na muuguzi anatakiwa kuvuka kwenda kwa mwingine. Nauliza: muuguzi huyo amepewa wapi mamlaka ya kuvuka? Familia ikilalamika baadaye, ni waraka upi utakaosimama upande wake? Tumempa uamuzi ambao majaji wangeahirisha kesi kwa ajili yake, tukampa sekunde 30 za kuufanya, na hatujamwandikia hata mstari mmoja wa kumlinda.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulitaja lakini mipango yetu hulisahau. Huku kwetu majeruhi wengi hawaletwi na magari ya wagonjwa. Wanaletwa na bodaboda, bajaji, gari la msamaria. Kwa hiyo wanaofika kwanza mara nyingi ni wenye nafuu, walioweza kukaa juu ya pikipiki. Wanajaza vitanda. Mahututi wanapofika, chumba kimeshajaa watu wenye mikwaruzo. Dawa ya hali hii haihitaji mashine: ni muuguzi mmoja mwenye uzoefu asimame langoni, si ndani, na awe na idhini ya kumwambia mtu anayevuja damu kidogo akae chini ya mwembe asubiri. Muuguzi ambaye hajawahi kuifanyia mazoezi kazi hiyo ataifanya kwa kubahatisha.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Kuanzia mwaka 2021, kupitia mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, Serikali ilijenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali nyingi nchini. Nalipongeza hilo bila kusita. Kabla ya Muhimbili kufungua idara yake ya dharura mwaka 2010, taaluma hii ilikuwa kama haipo nchini. Lakini jengo lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukata, lina kibao chenye jina la mgeni rasmi. Zoezi la maafa halina utepe. Hakuna mwanasiasa anayealikwa kuzindua saa tatu za wauguzi kuigiza ajali ya basi, na ndiyo maana, nadhani, huwa ni jambo la kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Muhula uliopita nilimuuliza mmoja wa wanafunzi wangu wauguzi kama hospitali anakofanya kazi ina mpango wa maafa. Akacheka. "Upo, Dokta. Uko kwenye kabati la ofisini, na ofisi hufungwa saa tisa na nusu."

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Baraza la Kimataifa la Wauguzi nalo, mwaka ule ule wa msiba wa Morogoro, lilitoa toleo jipya la mwongozo wake wa umahiri katika maafa, na ngazi ya kwanza ya mwongozo huo inamhusu muuguzi yeyote, si bingwa peke yake. Karatasi, basi, hazijapungua. Hata tafiti hazijapungua, ingawa nina mashaka nazo: nyingi humpa muuguzi dodoso ajipime mwenyewe utayari wake. Anayejiamini huandika "niko tayari". Kujiamini ni kitu kimoja, kuweza kuwagawa majeruhi 30 kwa dakika 15 ni kingine, na cha pili hakipimwi kwa dodoso.

Najua nitajibiwa kwamba nchi yenye upungufu wa wauguzi haina anasa ya mazoezi. Hoja hii ina ukweli, lakini imekaa kichwa chini. Hospitali yenye wauguzi 50 zamu moja inaweza kujikokota bila mpango. Hospitali ya wilaya iliyo kando ya barabara kuu, yenye wauguzi wawili usiku, ikiletewa majeruhi wa basi saa nane usiku, ndiyo isiyoweza. Na gharama ni ndogo kuliko tunavyodhani: orodha ya simu inayohakikiwa kila mwezi, kadi za rangi nne, kasha la vifaa ambalo ufunguo wake uko kwa msimamizi wa zamu, na zoezi moja kila robo mwaka. Tuongeze utaratibu wa kujua familia ya muuguzi iko salama, maana muuguzi wa Bukoba anaishi Bukoba, na ardhi ilipotetemeka Kagera mwezi Septemba 2016 haikuuliza nani ana zamu.

Bunge la bajeti litakapokutana, ningependa mbunge mmoja, wa chama chochote, aiulize Wizara ya Afya na TAMISEMI: katika miezi 12 iliyopita, ni hospitali ngapi za wilaya zilifanya zoezi la maafa saa za usiku, bila kuwatangulizia watumishi taarifa, na ripoti za mazoezi hayo ziko wapi?