Sherehe imerekodiwa, Bibi yuko wapi?

Wiki hii tuzungumzie video za nyumbani, maana huko hali ni mbaya! Ndugu wamejazana sebuleni Area C watazame sendofu ya dada yao. Wanaona dari, viatu, mgongo wa MC, halafu dari tena. Na Bibi aliyetoka Mvumi, akapiga muheme mpaka ukumbi mzima ukasimama? Hayumo!

Mshikaji, usiisingizie simu. Mambo ni matatu tu.

Kwanza, tulia. Ilaze simu, bana viwiko mbavuni, shika tukio moja kwa sekunde 10. Usiipepete kamera kama mtama kwenye ungo! Ukitaka sura ya karibu, miguu unayo, sogea. Ukivuta kwa vidole, simu nyingi hutoa chengachenga. Akina mama wakiwa na ngoma zao mapajani, chukua kwanza kundi lote, kisha mikono, kisha uso wa Bibi. Hapo umesimulia kitu.

Pili, jua. Dodoma iko kama nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa 6 mchana jua linakaa utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Rekodi kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Ikibidi mchana, mpeleke mtu chini ya mwembe. Ndani ya nyumba, aelekee dirishani, asilipe mgongo, la sivyo utapata kivuli kinachoongea.

Tatu, upepo. Hapa ndipo mji wetu unapotuumbua! Upepo wa kiangazi hauna adabu, unaingia kwenye maiki na kumeza maneno yote. Jibanze nyuma ya ukuta, msogelee anayeongea, futa vumbi kwenye kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Jaribu kidogo, sikiliza, ndipo uanze kazi.

Sendofu zitakuja nyingine, wala usikonde. Lakini siku Bibi atakapokutajia kwa Kigogo majina ya wazee wa ukoo wenu, hakuna wa kukurudia. Picha ikiyumba utavumilia. Sauti ikimezwa na upepo, umebaki na mdomo unaochezacheza tu.

Basi wikiendi hii mkalishe kivulini, zima redio, bonyeza, halafu wewe nyamaza. Tukutane wiki ijayo!