Kigari cha Makopo cha Japani

Nani kati yetu hajamwona mtoto akivuta kigari cha kopo, magurudumu yake yamekatwa katika ndara kuukuu? Kikivunjika, mama hukitupa jalalani, na habari yake imekwisha. Leo nataka kuwasimulia juu ya watu waliokwenda kuvitafuta vitu vya namna hiyo na kuviweka.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa nchi iliyoshindwa. Miji yake mingi ilikuwa majivu, chakula hakikutosha, na askari wa Marekani walipita barabarani katika magari yao ya jipu. Katika mji wa Otsu, karibu na Kyoto, alikuwako fundi wa vichezeo, jina lake Kosuge Matsuzo. Bati jipya halikupatikana. Basi akakusanya makopo matupu waliyoyatupa askari wale, akayakunjua, akayakata, akatengeneza kigari kidogo mfano wa jipu. Husimuliwa kwamba alilipima jipu lenyewe kwa kitambaa chake cha kujifutia uso. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule vigari vile viliuzwa katika duka kubwa la Kyoto, vikanunuliwa kwa pupa.

Hebu fikiri, msomaji. Mtoto wa nchi iliyoshindwa anachezea gari la mshindi, nalo limetengenezwa kwa takataka za mshindi huyo huyo! Mimi naona kigari kile kina habari nyingi kuliko hotuba za wakubwa.

Baadaye wakuu wa jeshi la Marekani waliruhusu vichezeo viuzwe nchi za nje, ili zipatikane fedha za kulipia chakula. Tangu mwaka 1947 bidhaa hizo zilipigwa chapa ya kusema zimetengenezwa katika Japani iliyo chini ya jeshi la kigeni. Utawala ule ulikoma mwaka 1952, na chapa ile nayo ikakoma. Yakafuata magari makubwa zaidi, na roboti za bati zilizotembea kwa kutiwa ufunguo. Halafu ikaja plastiki, bati likasahauliwa.

Kitahara Teruhisa, mzaliwa wa Tokyo wa mwaka 1948, hakulisahau. Alivikusanya vichezeo hivyo wakati wengi walipoviona kuwa uchafu wa nyumba, na mwaka 1986 akafungua makumbusho yake huko Yokohama, akapanga humo vichezeo kama 3,000. Lakini vingi vilikuwa vimekwisha kuvuka bahari. Wajapani waliovitaka iliwapasa kuvinunua tena kutoka Marekani, tena kwa bei kubwa! (Yule anayekifungia kichezeo sandukuni akingoja bei ipande, mimi simwiti mkusanyaji. Huyo ni mfanya biashara, na biashara yake ni halali, lakini asituambie kwamba anatunza kumbukumbu.)

Labda utasema, kigari kilichopata kutu kina faida gani? Kikamate basi, ukigeuze. Juu kina rangi safi ya gari. Lakini katika baadhi ya vile vya zamani, ukichungulia kwa ndani, utayaona bado maandishi ya kopo lile la kwanza, yamekatwa katikati pale mkasi wa fundi ulipopita.